Kaseti ya Bi Salma na Ubora wa Gemu ya Pili

Nimekosa. Nalisema mwanzo kabisa ili msinisubiri nikizungukazunguka. Nilichukua kitu cha mjane akiwa ndani ya eda, nikakibadilisha bila idhini yake. Lakini sikuiba! Na nitakayoyasema kuhusu gemu ya pili siyarudishi mdomoni, hata mkinizomea.

Mimi si msemaji. Skuli niliishia darasa la saba, na hata haya nayaandika polepole. Ila gemu nazijua.

Rafiki yangu Sele alikuwa akiishi kwa bibi yake, Bi Salma, Mji Mkongwe. Babu yake alileta gemu kutoka Maskati, akaifunga kwenye televisheni, na kila baada ya alasiri vijana tukajazana ukumbini kwao. Kaseti ilikuwa moja tu. Kijibwana chenye buti kinakimbia, kinaruka mashimo, kinakanyaga kaa.

Sote tuliipenda. Lakini ilikuwa na ubahili wake. Ukishasonga mbele, picha inajifunga mgongoni mwako. Huwezi kurudi hata kuokota ulichokiacha. Ukifa, unaanza upya kabisa.

Kisha, kwa kijana mmoja jirani yetu Jang'ombe, nikaiona ya pili. Ya Rabi! Kijibwana kilekile, lakini sasa kinarudi nyuma kikitaka. Kinabeba mawe na kuyarusha. Kinaogelea, na chini ya maji mna milango. Ukizima, kesho unaanzia ulipofika. Waliotengeneza walikaa wakafikiri nini kilituudhi katika ile ya kwanza, wakakirekebisha kimoja kimoja.

Nilipoyasema hayo barazani, wenzangu walinicheka.

"Wewe huyo, hata muuza urojo unamwagizia huku unatazama chini, leo umekuwa mwalimu wa gemu?"

"Ya kwanza ndiyo asili, bwana. Hiyo nyengine wameongeza madoido tu."

Niliapa nitawaletea waione kwa macho yao.

Siku zile ndipo babu yake Sele alipofariki. Bi Salma akaingia eda, na nyumba ikafungwa kwa wanaume wasio jamaa zake. Sisi tulikuwa tumeshabaleghe, kwa hiyo hatukuingia tena. Sele mwenyewe alihamia kwa ami yake, maana nyumba ilijaa wanawake. Nikaamini gemu imefunikwa kitambaa, haina mchezaji.

Kijana wa Jang'ombe alikuwa tayari tubadilishane, kaseti kwa kaseti, ili eda ikiisha wenzangu waikute ya pili palepale ukumbini. Nikamwambia Sele.

"Nani anaicheza sasa?" akasema. "Nitakutolea. Bibi tutamwambia akimaliza eda."

"Tusimuulize kwanza?"

"Haya, kamuulize wewe!"

Kumpelekea mjane habari za gemu! Haya zilinishika. Sele akaitoa kaseti, nikabadilisha, naye akaenda kuichomeka ile ya pili mahali pake.

Haikupita wiki, Sele akaja kwetu mbio.

"Bibi anakuita."

"Amekasirika?"

"Hajapiga kelele. Ndiyo maana nnaogopa."

Nilisimama ukumbini. Yeye alikuwa chumbani, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Kaseti yangu iko wapi?"

Yangu!

"Kwani, Bi... ulikuwa ukicheza?"

"Ulidhani kutwa nafanya nini humu? Nasali, nasoma. Wageni wanakuja, wanalia, wanaondoka. Wakishaondoka, nacheza. Marehemu ndiye aliyenifundisha."

Na mimi mpumbavu nikajitetea. "Hii ya pili ni bora, Bi. Hii unaweza kurudi nyuma."



"Nshaicheza," akasema. "Nimerudi nyuma, nimerudi, mpaka vidole vikaniuma. Narudi kutafuta nini, mwanangu? Ile ya kwanza ilikuwa ikinikataza. Pahala nikishapita, nshapita. Niletee ile."

Nilikwenda Jang'ombe kwa miguu, nusu mbio. Kaka wa yule kijana alikuwa ameshaondoka na kaseti kwenda Pemba. Nikatuma salamu kwa kila aliyevuka. Jibu likaja: ameibadilisha na mtu mwengine, na huyo mwengine hamjui vizuri. Haikurudi.

Bi Salma alimaliza eda bila kaseti yake. Gemu yote, na ile ya pili ndani yake, akampa mtoto wa jirani. Sele hanisalimii. Barazani wamenibandika jina, "mwizi wa mjane", na wanalitamka kwa sauti nikipita.

Nalikataa jina hilo! Na bado nasema ile ya pili ni bora. Kuogelea ni bora, kurudi nyuma ni bora, kutoanza upya kila siku ni bora. Mtu aliyekaa akasahihisha kazi yake mwenyewe astahili sifa, na sitamnyima ili nipendwe barazani.

Kosa langu ni hili: nilitaka kuwashinda wenzangu, nikatumia kitu cha mwanamke asiyeweza hata kutoka mlangoni kukifuata. Hilo nalikubali mchana kweupe. Nililimeza jina lake nilipokuwa nabadilishana, kama kwamba hana kauli.

Nyinyi wenye haya kama mimi, sikilizeni. Haya si udhuru! Simama nje ya pazia, tetemeka ukitaka, lakini uliza. Na mwenye kitu akikwambia hataki kilicho bora, rudi kwenu mikono mitupu. Utabaki na rafiki.