Mume Wangu Ameniapisha Nisiseme Habari ya Doa la Unyayoni

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu limefichwa kwa ombi langu. Nina miaka thelathini na miwili, mama wa watoto watatu hapa Voi. Mume wangu hufunga mabehewa stesheni.

Kabla ya mvua za El Nino, nikimkata kucha, niliona doa jeusi chini ya kidole gumba cha mguu. Nikadhani ni lami. Nikasugua kwa jiwe, halikutoka. Akacheka, akasema ni kiatu tu. Kufikia mfungo lilikuwa limetanuka, kingo hazilingani, huku jeusi huku kahawia. Kisha nikaanza kuona damu kwenye soksi zake.

Nilimbembeleza mpaka tukaenda Mombasa. Daktari akakata kipande cha nyama kikapimwa. Tulipofuata majibu hakutuzungusha, alisema ni kansa ya ngozi. "Doa linalokua na kutoa damu halingojewi. Tukikata sasa sehemu ya mguu, kuna matumaini. Ukichelewa itapanda."

 Nyumbani mume wangu akaniletea msahafu. "Apa hutamwambia mtu. Reli inapunguza watu, kiwete atabakishwa afanye nini?"

Nikamwambia mimi nataka mume, mguu si kitu. Hakunisikia. Nikaapa huku nalia.

Tangu hapo anafunga kitambaa, anavaa buti, anakwenda kazini. Juzi alikuja kaka yake mkubwa, mkulima wa ndizi kule Taveta. Ndiye aliyemlea, na mume wangu hamsikilizi mtu mwingine. Akaniuliza, "Shemeji, mbona ndugu yangu anachechemea?"

Mume wangu akanitazama. Nikasema buti zinambana. Shemeji akaondoka akiahidi kumnunulia nyingine.

Jana nikimkanda paja nimegusa mtoki kwenye kinena, mgumu kama kokwa. Akasema ni uchovu, akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Maalim ambaye ningemuuliza kuhusu kiapo ni rafiki yake wa karibu, siwezi. Mume wangu si mtu wa kusamehe, nikisema huenda akaniacha. Lakini kila nikifua kile kitambaa naona kama naosha maiti yake. Taveta ni mwendo wa asubuhi moja. Ndugu zangu, akili imenigota. Niende kwa shemeji, au nikae na kiapo changu?