Mikono ya Fundi Dhahabu

Mtaa mzima ulimwita shemeji yangu Fundi Dhahabu, na hakuwahi kupigilia msumari bila kujigonga kidole. Milango na makabati yaliyompa jina hilo yalitengenezwa na mkewe, ambaye ni dada yangu.

Mwanzoni dada alifanya kazi mbele, kila mtu akimwona. Mteja wa kwanza alimtazama anavyosukuma randa, akacheka. "Mlango wa mwanamke utamzuia mwizi gani?" Akaenda zake. Wa pili naye hivyohivyo. Basi dada akahamishia meza yake uani, mumewe akakaa kibarazani na penseli sikioni, kazi yake kupiga soga na kupokea sifa. Mteja akichungulia uani, dada huweka patasi chini na kushika ufagio. Alijifunza haraka mno, na hilo ndilo linaloniuma.

"Hivi huchoki kufichwa?" nilimuuliza siku moja.

"Acha, mdogo wangu. Watoto wanakula."

Shemeji akafa kwa presha. Kaburi halijakauka, kaka yake, mtu asiye na mbele wala nyuma, akaitisha kikao cha ukoo. Akasema karakana ni jasho la marehemu, kwa hiyo inarudi kwao. Mjane watamtunza. Watamtunza! Yeye mwenyewe alikuwa akilishwa na karakana hiyohiyo.

Dada akasimama. "Jasho ni langu. Hivyo viti mlivyokalia nimevitengeneza mimi."

Wakacheka. Wifi yake mmoja akamvuta mkono kwa upole. "Kaa, wifi. Msiba umekuelemea."

"Nipeni ubao na randa, mtaona."

"Hatukuja kwenye maonyesho," akasema kaka mtu.

Nikapiga kelele, nikaambiwa mimi si wa ukoo ule, nifunge mdomo. Ndipo dada akamgeukia mwanawe wa kwanza, dume zima lenye ndevu, aliyekua akichezea vumbi la mbao miguuni pa mama yake. Nikashusha pumzi. Sikujua kwamba asubuhi ile baba yake mkubwa alikuwa amemwahidi usimamizi wa karakana.

"Mwanangu, waambie."

Kijana akatazama sakafu. "Fundi alikuwa baba. Mama alikuwa anafagia."

Dada akakaa. Watu wakagawiwa chakula, wakala, wakatawanyika.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumchukua aje aishi kwangu. Nilimkuta anafunga mizigo. Kabla hatujatoka, mwanawe akaja akiburuta kabati jipya.

"Mama, hili linatakiwa kesho. Tumejaribu na baba mkubwa, milango haifungi."

"Si umesema fundi alikuwa baba yako?" nikamrukia. "Nenda kaburini ukamuulize!"

Akanipita, akamnong'oneza mama yake jambo. Dada akapapasa ukingo wa mlango walioukata upande, akafungua mzigo wake, akatoa randa.

"Unawafanyia kazi hawa?" nikamuuliza.

"Wamesema nikifanya, nitaachiwa chumba cha uani." Akainua uso. "Mumeo amekubali nije?"

Nilikuwa sijamwambia mume wangu. Nyumba ni yake, na jibu lake nililijua. Nikamshikia dada ubao usicheze, akaanza kuranda.