Waliobaki Chini ya Duka la Mikate

Bibi yangu, Paciencia Dumlao, alianzisha klabu ya wazee akiwa hajatimiza miaka arobaini, kwa sababu mama yake alikuwa akilia dirishani.

Yeye mwenyewe alifika Winnipeg, Kanada, mwaka 1969 na kundi la mafundi cherehani kutoka Ilocos, kwetu Ufilipino, akiwa na sanduku moja na koti la kuazima. Kiwandani walimpa kushona mikono ya makoti ya baridi. Mikono tu. Miaka ishirini na tisa alishona mikono, na hakuna siku aliyoshona koti zima. Nusu ya mji huu imejikinga na theluji kwa kazi ya wanawake kama yeye, na mji haujui hata jina moja. Nikilisema hilo mezani, Lola, ndivyo tunavyomwita bibi, huniambia nile kwanza, wali unapoa.

Mama yake aliletwa mwaka 1984 kulea wajukuu. Alikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, moja la kukubali na moja la kuomba radhi. Wajukuu wakienda shule, alikaa dirishani kuanzia asubuhi akitazama barabara isiyopita mtu. Lola akirudi kutoka kazini alimkuta palepale, machozi yamekauka shavuni. Akaulizia kanisani, akagundua kuna wazee wengine wengi, kila mmoja na dirisha lake.

Basi wakapata chumba chini ya duka la mikate. Mwokaji, Mreno mmoja, aliwapa bure, akasema bora watu kuliko panya. Kilikuwa na joto la tanuri kutoka juu, na hilo lilitosha. Wazee walicheza karata, wakapika pansit ya tambi na uduvi, wakagombana kwa lugha yao wenyewe. Mama yake Lola aliacha kulia. Akaanza kuiba karata.

Kisha wakaanza kufa.

Kwetu, mtu akitoka kuaga maiti haendi nyumbani moja kwa moja. Hupita mahali kwanza, hata kwa kikombe cha kahawa, amwache marehemu huko asije akamfuata mpaka kwa watoto wake. Tunaita pagpag, kukung'uta, kama unavyokung'uta vumbi la njia. Wazee wetu hawakuwa na mahali pengine pa kupita. Walipita klabuni. Kila msiba, kwa miaka thelathini na nane, waliteremka ngazi zile, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Lola, aliyekuwa katibu tangu siku ya kwanza, aliandika jina la marehemu kwenye daftari, na mbele yake maneno mawili: *Amebaki hapa.* Mama yake ni jina la tano. Babu yangu ni la arobaini na moja.

Mmoja tu aliwahi kukosea. Mwaka 1991 Fermin, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa na usingizi, akatoka kwenye maiti akaenda moja kwa moja kulala. Wiki ile ile mkewe akaanguka jikoni, akavunjika nyonga. Mpaka leo, Fermin akiingia mahali, lazima mtu amuulize, "Umekuja na nani leo?" Naye hujibu, "Na mama mkwe wako, mpishe akae."

Mwaka jana mwokaji alifariki. Tanuri lilikuwa limezimwa zamani, na watoto wake, wanaoishi mbali, wakataka kuuza jengo. Walituandikia kwa adabu: klabu ieleze historia yake, wao wataangalia kama chumba kinaweza kuachwa kwenye mkataba wa mauzo.

Kazi ilinijia mimi, msomi wa ukoo. Nilishinda kwenye meza ya jikoni siku nne. Niliandika juu ya viwanda, juu ya vidole vilivyochomwa na sindano, juu ya haki ya mzee kuzeeka katikati ya watu wake. Niliandika kwa hasira, na bado naamini kila neno. Nilipomsomea Lola, alisikiliza akimenya vitunguu saumu.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Hao waliobaki mle umewaweka wapi?"

"Waliobaki wapi?"

"Chumbani. Mia na kumi na moja. Wataambiwa walale wapi?"

"Lola, hawa ni watu wa sheria. Nikiwaandikia mambo ya mizimu, watatucheka."

"Wacheke. Mtu akicheka si amesoma?"

"Hii ni hoja ya haki. Tusiiharibu."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye vitunguu. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Jibu lilikuja Novemba. Nilijua kwa wepesi wa bahasha. Walisema historia yetu imewagusa sana, lakini hawakuona humo sababu ya klabu kuhitaji chumba hiki hasa na si kingine chochote. Walitutakia heri.

Nilisoma mstari ule mara nyingi. Sababu ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa kwenye daftari mara mia na kumi na moja, nami ndiye niliyeionea haya.

Sikumwambia Lola hivyo. Nilimwambia tumekataliwa. Akauliza, "Waliuliza kuhusu waliobaki?" Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukunja nguo.

Funguo zilirudishwa mwisho wa Desemba. Siku kumi na moja baadaye akafa Rosenda, rafiki yake wa kiwandani, aliyeshona kola huku Lola akishona mikono. Tulikwenda kumuaga saa saba mchana, baridi imeshuka nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Tulipotoka niliwapakia wanne kwenye gari: Lola, Fermin na wajane wawili, akina dada Bautro. Hakuna aliyesema twende wapi. Niliendesha, na gari likaenda lilikozoea.

Mlango ulikuwa na kufuli jipya.

"Twende tukanywe kahawa pale mgahawani," Fermin alisema. "Wote siku hizi wanapita pale."

"Umwache Rosenda kwenye mgahawa?" Lola aliuliza. "Anaogopa hata kuagiza chai. Amwambie nani anataka kukaa?"

"Ate Paciencia, dada yangu, mimi nasema tu. Tutaganda."

"Wewe ganda. Umemzoea mwenzako wa 1991, atakufunika."

Akina dada Bautro walicheka. Lola alitoa daftari kwenye mkoba. Aliandika jina la Rosenda, kalamu ikagoma kwa baridi, akaipumulia, akaendelea. Mbele ya jina hakuandika kitu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasogeza mdomo karibu na mlango, akaanza kuita majina.

Aliyaita yote. Alikohoa mara kadhaa, nami nikataka kumsihi arudi garini, lakini ningemwambia kwa mdomo gani? Alipofika la tano alisema "Mama," si jina. Kabla ya la arobaini na moja aligonga mlango kwa kidole. Fermin alivua kofia, masikio yake yakawa mekundu, hakuivaa tena mpaka mwisho.

"Nyumbani," Lola aliniambia.

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Ushawahi kuniona nafukuza mgeni?"

Kwake, Lola aliingia wa kwanza, akavua viatu, akatoa kandambili zote za kabatini, za wageni na za marehemu babu, akazipanga ukumbini. Sisi tukaingia. Yeye akabaki ameshika mlango wazi, theluji inaingia, mashine ya joto inaguruma chini ya sakafu na haifui dafu.

"Ate, funga basi," Fermin alisema kwa sauti ndogo. "Tumeshaingia wote."

"Bado."

Kifua chake kilikuwa kikikoroma kila akivuta pumzi. Nilitaka kumwondoa pale mlangoni kwa nguvu. Badala yake nikajikuta nimebana mgongo ukutani, kuwapisha.