Kinanda Kinachopumua

Wifi yangu Verdiana amepiga kinanda cha kigango chetu, huku Muleba, kwa miaka thelathini na moja, na hakuna hata siku moja aliyopewa kiti kwenye kikao cha kamati. Yeye hasemi. Mimi Annastella naimba alto na mdomo wangu hauna breki, basi nitasema mimi.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu, mapadri wa zamani walituachia. Verdiana alijifunzia kama hicho kwa masista, alikokuwa akimenya ndizi jikoni. Akitumwa kufuta vumbi kwenye vibao, anafuta polepole, kimoja kimoja, nusu saa nzima. Mwishowe sista mmoja akamwambia, "Keti ufundishwe, la sivyo utakichubua."

Miaka kumi na moja iliyopita panya walitafuna ngozi za ndani, kibao kimoja cha katikati kikafa. Kimoja tu! Lakini ndicho hicho kinachobeba noti ndefu ya wimbo wetu wa komunyo, mwisho wa mstari wa tatu. Kwaya inapanda, inapanda, inafika pale, kinanda kimya. Sisi alto tukawa tunalijaza lile pengo kwa koo zetu, nusu kuimba, nusu mayowe.

Sasa mwenyekiti wa kamati ni mzee wetu, tata Rutaihwa. Mtu mwema, sikatai. Anajua buni: anang'ata punje moja anakwambia imekauka au bado, na hakosei. Shida ni kwamba kwa kujua buni, ameamini anajua na mengine yote. Siku moja mgeni alimuuliza mbona kinanda kinanyamaza pale. Aseme ni panya? Ng'o! Akajibu, "Kinapumua, waitu, ndugu yangu. Kinanda kizuri hupumua. Ndivyo mapadri walivyotuachia." Akayarudia hayo mwaka hata mwaka, mpaka mwenyewe akayaamini.

Umeme ulipofika kigangoni, kila kaya ikatoa debe la kahawa tununue piano ya umeme, ile ya jukwaani isiyo na spika zake, maana spika tunazo, za harusi. Verdiana ana miaka hamsini na minane, goti limeanza kukataa kukanyaga. Alikuwa na haja moja tu, akaniambia tukipalilia migomba: "Wifi, kabla mikono haijalifuata goti, nataka nipige chombo kizima. Chenye sauti zote." Kamati ikamteua Rutaihwa akapime sauti. Verdiana akaambiwa aje kubonyeza. Mimi nilijiteua.

Tukafika Bukoba mjini, dukani kwa Hamidi, pale Miembeni. Akatukaribisha vizuri, kisha akawasha cha kwanza kwenye spika lake, refu kunishinda mimi.

"Hiki kina sauti mia sita, mzee," akamwambia Rutaihwa. Akabonyeza, jogoo akawika. Akabonyeza tena, helikopta. Halafu akagusa kitufe kimoja, kinanda kikaanza kujipiga chenyewe, ngoma na tarumbeta juu. Mabega ya Rutaihwa yakacheza.

"Loo! Kinajua kuliko Verdiana!"

Nikamtazama wifi yangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Hasira zilinipanda, lakini yeye akasogea taratibu akasema, "Baba Hamidi, naomba uzime spika unipe zile za masikioni. Spika lako linamsifia kila mtu."

Nikavaa upande mmoja, yeye mwingine. Akagusa kibao kwa wepesi, kisha akakipiga kwa nguvu: sauti ile ile, imepaazwa tu. Akashikilia kibao kizito cha chini asikilize kinavyokufa. Hakikufa. Kilizunguka, kikarudia kipande kile kile, kama mlevi anayesimulia habari moja. Akakanyaga pedali, akapiga kwa mikono yote miwili, na noti za mwanzo zikakatika kupisha za mwisho. Akatikisa kichwa.

"Piga wimbo wetu wa komunyo," Rutaihwa akaamuru, spika likawashwa tena. Kupima kwake ndiko huko. Alifumba macho, kichwa upande, vile anavyong'ata buni. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ile noti ndefu ikalia, nzima. Akainua mkono.

"Simama! Pale pamezidi kitu. Hakipumui."

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Labda neno, si kinanda. Cha pili nacho kikapigwa, nacho kikakataliwa pale pale. Hamidi akapangusa jasho, akauliza, "Mzee, kupumua vipi?" Rutaihwa akamwonea huruma kwa kutojua.

Cha tatu kilikuwa cheusi, kizito, hakina jogoo wala helikopta. Tukavaa tena za masikioni. Verdiana akagusa kidogo, sauti ikaja laini, ya mbali. Akapiga kwa nguvu, ikaja nyingine kabisa, kali, ina chuma ndani yake. Akashikilia kibao cha chini. Sauti ikapungua, ikapungua, mimi nikadhani imekwisha, yeye akainua kidole: bado. Kisha akabonyeza kile kibao cha katikati. Akakaa nacho. Machozi yakamtoka mbele za watu, hakuyafuta.

"Wifi," akanong'ona, "ni hiki."

"Haya, wimbo," akasema Rutaihwa.

Nikafungua mdomo nimweleze mwenyekiti habari za panya, tumalize. Verdiana akanikanyaga, tena kwa mguu ule uliozoea kukanyaga miaka thelathini na moja. Nilimwelewa. Tungemwaibisha Rutaihwa mbele ya mwenye duka, tungerudi na jogoo. Akapiga. Mstari wa tatu ukapanda, na ilipofika ile noti, akainua kidole. Kimya.

"Eee! Mmesikia? Hiki kinapumua!"

Hamidi akakodoa macho. Alidhani kibao kimemfia dukani, akanyoosha mkono ili akijaribu. Nikaudaka njiani, nikaumiminia akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. "Tafuna kwanza, baba, kwetu mgeni na mwenyeji hutafuna." Akatafuna, na Rutaihwa akalipa.

Basi tukawa na kinanda kizima, na kila Jumapili Verdiana anainua kidole pale pale, na sisi tunapiga mayowe pale pale. Rutaihwa anawaonyesha wageni: "Nilikipima mwenyewe."

Jumamosi moja nilikwenda kufagia, nikamkuta ndani peke yake. Hakuwa anapiga wimbo. Alibonyeza kile kibao kimoja, akakishikilia mpaka kikaisha, akabonyeza tena.

"Unafanya nini, wifi?"

"Nasalimiana nacho," akasema, akafunga haraka kama mtu aliyekutwa anaiba. Iliniuma sana. Nililia nikifagia.

Kesho yake kabla ya misa nikawaambia alto wote: pale, fungeni midomo. Atakayeimba atanijua.

Komunyo ikafika. Mstari wa tatu ukapanda, tukafika pale, tukanyamaza. Kanisa zima likaning'inia. Verdiana, kidole juu, akageuka akanitazama. Nikamtolea macho: haya! Akakishusha kidole. Ile noti ikalia, ndefu, safi, ikapita juu ya vichwa vyetu, na hakuikata mpaka ilipokwisha yenyewe.

Baada ya misa Rutaihwa akaja upesi, macho mekundu. Nikasema moyoni, leo tumekwisha. Akanishika mikono yote miwili.

"Alto," akasema, "miaka yote hii hamjaiimba ile noti kama leo. Endeleeni hivyo hivyo."

"Asante, mwenyekiti," akajibu Verdiana.

Tangu siku hiyo hatujaiimba tena.