Mama Mayai na Neno Lililobaki

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Mama Mayai alikuwa bandani anaokota mayai, mumewe amekaa kizingitini na kikombe cha chai. Ghafla kuku wakapiga kelele.

"Paka," alisema mama. Hata kichwa hakuinua.

Mumewe alichungulia. Kweli, paka wa jirani alikuwa anapita chini ya wavu, kajikunyata kama mtu aliyeingia harusini bila mwaliko.

"Umejuaje kama si mwewe?"

"Mwewe wanampigia sauti yake. Paka ana yake. Punje nazo zina yake. Tena huyo jogoo ni muongo kama ninyi wanaume. Anaita kuna punje, kuku wa watu wanakimbia, wakifika hakuna kitu."

"Kumbe wanaongea."

"Wanakushinda wewe, Fundi Kimya."

Fundi Kimya ndilo jina lake la mtaani. Ni seremala, mtu wa milango na madirisha, na mteja aliyetaka porojo alielekezwa kwa mkewe. Mama ndiye aliyepatana bei, akagombana na wauza mbao, akauza mayai yake mlango kwa mlango na kurudi na habari za mtaa mzima. Kinywa chake kilitosha watu wawili, na kwa kweli waligawana.

Fundi alimaliza chai akaenda kupiga randa. Mchana ulipofika hakusikia mtu wa kumwita kula. Alimkuta mkewe bandani, ameketi chini, mgongo kwenye nguzo, mayai yamepasuka mapajani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

"Una nini?"

"Bado," alisema mama.

"Umeanguka?"

"Bado."

Hospitali walimweleza vizuri, bila haraka. Damu imeziba kichwani, pale maneno yanapokaa. Lililobaki ni hilo moja.

"Anaelewa tunachosema?" aliuliza fundi.

"Huenda anaelewa, mzee. Nikisema nina hakika nitakudanganya."

Wakarudi nyumbani na hilo huenda lao.

Sasa, bado si neno kama mengine. Lingebaki sufuria, kila mtu angejua mambo yameharibika. Lakini bado linajibu karibu kila swali aulizwalo mgonjwa. Umepona? Bado. Umelala? Bado. Dada yake fundi alikuwa anakuja kumsaidia wifi yake. Siku moja alimlisha bakuli zima la uji, akatoka kwenda kuanika nguo. Huku nyuma akaingia jirani.

"Mama Mayai, umekula?"

"Bado."

Jirani akachota uji. Fundi alipoingia, kijiko kilikuwa hewani na macho ya mkewe yamejaa machozi.

"Ameshakula huyo."

"Mwenyewe kasema bado! Na mgonjwa haulizwi uji."

"Sasa wewe mbona umemuuliza?"

Jirani akaweka bakuli chini. Maneno mengi kiasi hicho hakuwahi kuyasikia kwa fundi.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye alikuja, mtu wa mizaha tangu ujana wao. Alivuta kigoda, akainama. "Shemeji, hebu niambie ukweli. Umekufa?"

"Bado!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alikuwa anautazama mdomo wa mkewe, upande ule mzima, na aliuona umepanda kidogo. Je, alikuwa amejibu mzaha kwa mzaha, au neno lilijiangukia tu mahali pake? Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Akaanza kusikiliza sauti badala ya neno. Bado fupi ya puani, kiu. Bado ya kuvuta, maumivu ya bega. Bado ya kupanda, anataka kugeuzwa. Hakukosea sana. Dada yake alimsifu, "Kaka yangu, siku hizi unamwelewa!" Fundi alitikisa kichwa. Kiu hata kuku anaijua, na anajua kuisema. Paka akipita, kuku atakwambia. Lakini habari za paka wa juzi hatakwambia. Hatakwambia kwamba hapendi shuka hii, wala kwamba amemkumbuka marehemu mama yake, wala kwamba anaogopa mwezi ujao. Mambo hayo hayana mlio. Yanataka maneno, moja limshike mwenzake mkono. Mkewe alikuwa nalo moja tu, halina wa kumshika.

Alimhamishia kitanda dirishani, dirisha alilolitengeneza mwenyewe, ili alione banda. Akaketi pembeni yake. Wakawa wawili mle chumbani, mmoja hana maneno, mwingine anayo na hajui kuyatumia. Maisha yake yote fundi alikuwa hajaona mlango usio na bawaba. Huu aliuzunguka pande zote, hakuona pa kuanzia.

Ndipo binti yao akaja kutoka mji wa mbali. Mtoto mwema, mchapakazi, hakuja kwa ubaya.

"Baba, mama nampeleka kwangu. Kuna chumba cha nyuma, kuna mtu wa kumwangalia. Wewe umezeeka."

Fundi alinyamaza.

"Au umuulize mwenyewe," alisema dada yake fundi.

Binti akapiga magoti kitandani. "Mama, uko tayari twende kwangu?"

"Bado."

"Unaona, shangazi? Ngoja. Mama, unataka kubaki hapa? Umeshaamua?"

"Bado."

Binti alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Haelewi. Ni sauti tu, baba. Kama wale kuku wake."

Fundi alitaka kusema. Atasemaje kwamba yumo mle ndani, na ushahidi hana? Na kama hayumo kweli, anamshikilia nani? Akaokota kipande cha mbao sakafuni, akakigeuza, akakirudisha.

Nguo zikafungwa. Gari likasimama mlangoni, dereva akapiga honi. Walimkalisha mama kwenye kiti, shangazi akashika miguu, binti akashika mgongo. Hapo mama akashika fremu ya mlango kwa ule mkono mzima, hakuachia. Binti akambembeleza, twende mama, twende. Mama akafumba macho. Alihangaika kama mtu anayetafuta kitu kizito gizani. Kisha akasema.

Binti alikaa chini pale pale kizingitini. Dereva alipiga honi tena, hakuna aliyemjibu. Na fundi, macho yote yakiwa kwake, alitoa neno lake hatimaye: "Abaki." Gari likaondoka tupu.

Mama Mayai aliishi chumba kile mpaka mvua zilizofuata, na alizikwa kutoka nyumba ile. Sentensi nyingine hakuitoa. Alirudi kwenye bado yake hadi mwisho. Wako wanaosema ilikuwa bahati, kwamba hata kasuku hubahatisha. Fundi habishani nao. Kasuku hajui nani amenyamaza.

Maneno yenyewe, siku ile mlangoni, mama aliyasema polepole, akimtazama binti, wala si mumewe:

"Baba yako bado hajasema."