Ile ndege ya babu yake Kalinga

Leo nimesema ukweli msibani, watu wakanicheka.

Tumemzika Kalinga, mtani wangu, hapa Ilula. Mimi Mngoni, yeye Mhehe, kwa hiyo kazi yangu msibani ni kuchekesha. Na kwa kazi hiyo, kuanzia Mwanjelwa mpaka Iringa hakuna wa kunifikia. Ulizeni.

Sasa Kalinga alikuwa na picha ya babu yake kasimama na ndege ya zamani, ile yenye bawa juu na bawa chini. Alikuwa akisema ni ndege ya vita ya enzi za Mjerumani, babu yake aliibebea mafuta kichwani.

Mimi miaka yote namjibu, "Acha uongo, Mhehe wewe. Hiyo ya kupulizia nzige."

Picha ilikaa juu ukutani, sikuwahi kuishika.

Leo binti yake kaishusha, kanipa mbele ya watu.

"Baba, wewe si mjuzi wa ndege? Niambie ilikuwa ya nini, niwaeleze wanangu."

Watu washaanza kutabasamu, wanasubiri nzige.

Nikaisogeza machoni. Nyuma ya kiti cha rubani kuna bunduki, mdomo umetazama juu.

Nzige gani hao wa kupigwa risasi?

Nikasema, "Ni ya vita. Kalinga alikuwa anasema kweli."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Binti naye akacheka huku analia. Nikarudia, wakazidi.

Wa kunijua nikiacha utani alikuwa mmoja tu, na ndiye alikuwa kwenye sanduku.

Mliokuwepo, nawaomba mkamwambie yule binti: ile ndege ina bunduki.