Plastiki ya Papa Bahati na Mkono Wangu wa Kulia

Swali lililoninyima usingizi kwa wiki tatu lilikuwa hili: nikisimama kanisani na kusema kwamba Papa Bahati ndiye aliyeuharibu mkono wangu, je, watu hawatauliza ni nani aliyeipokea kazi yake na kuitia saini? Maana saini ilikuwa yangu. Nililigeuza swali hilo kila upande. Nikimtaja yeye, nimejitaja. Nikinyamaza, yeye anaendelea kula na kunenepa.

Ninaandika kwa ajili ya aliyekatwa, aliyevunjika, au aliyelala hospitali na kuambiwa amshukuru mtu aliyemfikisha pale.

Kabla ya ajali nilikuwa msichana mzima. Nililelewa Bukavu, kisha tukarudi Rwanda, na Maman, mama yangu, akapanga nyumba hapa Gihundwe. Nilisoma ujenzi nikamaliza. Diploma yangu ilikaa mwaka mzima ndani ya bahasha, juu ya kabati. Hatimaye shule moja ndogo ya watoto ikanichukua niandike barua na kufuatilia mafundi. Shule hiyo ina ukumbi unaotazama ziwa, wenye vioo vikubwa vya zamani, vyembamba, vya aina inayopasuka na kuwa visu. Wazazi walikuwa na hofu. Upande huu ardhi hutikisika mara kwa mara, na upepo wa ziwa hauna adabu. Kubadilisha vioo vyote kulikuwa kazi kubwa, kwa hiyo mkuu wa shule, tunayemwita Maman Direktrisi, akaamua vibandikwe plastiki ya kinga. Plastiki hiyo ikiwa ya kweli ni nene, hubandikwa upande wa ndani, na kingo zake hufungwa kwenye fremu kwa gundi ya silikoni. Kioo kikivunjika, vipande hubaki vimeshikana kama ngozi.

Kazi akapewa Papa Bahati, fundi vioo, shemasi wa kanisa letu. Alibandika kwa siku mbili huku akiimba. Alibandika upande wa nje.

"Kwa nini nje, Papa?" nilimuuliza.

"Ili bantu baone inang'aa, mutoto yangu. Ona vile iko nyeusi! Hata risasi haiwezi kupita pale," alijibu kwa Kiswahili chetu cha Bukavu.

Hapo ndipo sote tulipokosea. Kwetu kitu kikiwa cheusi tunaamini ni kigumu. Wazazi walipita, wakatazama weusi ule, wakasifu. Mimi nilipitisha ukucha kwenye pembe moja, na plastiki ikainuka. Nikamwonyesha.

"Inakauka," alisema. "Ngoja mwezi moja, itashika kabisa. Ninyi ba-diplôme munaogopa hata kivuli."

Watu wakacheka. Na kweli nilikuwa nimesoma kwamba plastiki hizi huchukua wiki kadhaa kukauka. Nikafikiri: labda anasema kweli. Nikafikiri tena: labda hasemi. Yeye alikuwa mzee na shemasi, mimi nilikuwa na miezi miwili kazini. Maman Direktrisi akaniletea karatasi ya kupokea kazi. Nikatia saini.

Wiki ya tano ilikuja dhoruba, saa saba mchana. Watoto walikuwa wamekwenda kula. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha la pili nikipanga madaftari. Upepo uling'oa bati la kibanda cha chini barabarani na kulirusha kwenye kioo. Bati halikuingia ndani. Kioo ndicho kilichoingia.

Sikusikia maumivu. Nilisikia joto tu, kama mtu amenimwagia chai mkononi. Nikatazama. Mkono wa kulia, chini ya kiwiko, ulikuwa umefunguka kama mfuko. Ndani kulikuwa na vitu vyeupe, kama nyuzi za muhogo. Damu ilianza kuja kwa kuruka. Nilijaribu kukunja vidole. Kidole gumba na viwili vinavyokifuata havikunisikiliza. Jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa saini yangu. La pili, kwamba kama wangechelewa kupiga kengele ya chakula, pale pangekuwa na watoto kumi na wanne.

Mlinzi wa shule alinifunga kwa kitenge, akanipandisha pikipiki ya kukodi, akakaa nyuma yangu akinishika nisianguke.

Daktari alinishona kwa saa nyingi. Nilipoamka aliniambia, "Kano tatu zilikatika, na neva moja. Tumeziunganisha. Kano zitapona. Neva ina polepole yake, hatuwezi kuilazimisha." Kisha akaniwekea kichupa mezani. Ndani kulikuwa na kipande cha kioo alichokitoa mkononi mwangu. Kwenye kipande kile kulikuwa kumening'inia kitu chembamba, ambacho kwenye mwanga weusi wake uligeuka zambarau, laini kama ganda la kitunguu.

"Hii ngozi ni ya nini?" aliuliza.

"Ni ya kuzuia risasi," nilimjibu. Hakucheka.

Siku iliyofuata Papa Bahati alikuja na juisi na mkate. Akaweka kiganja kichwani mwangu, akaomba kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakaitika amina. Alipomaliza aliwageukia.

"Munaona huyu? Bila plastiki yangu angekuwa amekufa. Ilipunguza nguvu ya kioo. Mungu iko mukubwa!"

Nilianza palepale kufikiri kwamba labda ni kweli. Huo ndio ugonjwa wangu wa zamani kuliko wa mkono.

Nirudi kwa mkono. Ulizidi kuwa mbaya, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nafungua bandeji ili nihakikishe unapona. Asubuhi, saa nne, adhuhuri, jioni. Nilinusa, nikagusa, nikafunga upya. Siku ya sita ulivimba, ukawa unatoa usaha wa kijani, na homa ikanitikisa mpaka kitanda kikalia.

"Nani anafungua hii bandeji?" daktari aliuliza.

Maman akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Ameifungua kama barua ya mchumba."

Walinisafisha upya bila huruma. Nililia mpaka nikatapika. Baada ya hapo Maman alikaa kando yangu na mwiko wa ugali. Nikipeleka mkono wa kushoto kwenye bandeji, ananigonga.

Halafu yakaja mazoezi. Mtaalamu wa viungo alinipa sahani ya maharage niyaokote moja moja kwa vidole ambavyo havikuhisi chochote. Siku ya kwanza niliokota mawili kwa nusu saa. Nilitaka kuacha. Kilichonirudisha kwenye sahani ile hakikuwa imani, sitawadanganya. Nilisikia kwamba Papa Bahati anapita nyumba kwa nyumba akisimulia jinsi plastiki yake ilivyoniokoa, na kwamba ameshabandika madirisha matano ya kanisa, hata lile lililo juu ya benchi la watoto wa shule ya Jumapili. Basi kila harage nililolibana lilikuwa shingo yake. Mwezi wa tatu niliokota sahani nzima. Waliosema chuki haiponyi hawajawahi kufanya mazoezi ya viungo.

Ndipo Papa Bahati alipokuja nyumbani.

"Mutoto yangu, Jumapili utoe ushuhuda. Pasta amekubali. Useme tu vile plastiki ilikulinda. Bantu banakupenda, batakusikia."

"Nitafikiri, Papa."

"Usifikiri sana. Wewe unafikirigaka mpaka chakula kinapoa."

Nilifikiri wiki tatu. Lakini safari hii nilifanya na jambo lingine. Nilichukua kile kichupa, nikapanda mjini Kamembe kwenye duka la vifaa vya magari, nikamwonyesha muuzaji ganda la zambarau. Akalitambua mara moja.

"Hii ni ya kuziba jua kwenye magari. Papa Bahati anachukuaga hapa. Ina shida gani?"

"Inazuia kioo kisimwagike?"

"Inazuia jua, dada."

Shukrani zangu nazitoa hapa, kwa sababu mwisho wa habari hii si mahali pa shukrani. Namshukuru Mungu, aliyewapeleka watoto kula mapema. Namshukuru daktari, mlinzi, na mwiko wa Maman. Leo naandika kwa mkono wa kulia. Kidole gumba bado kina ganzi, lakini kinashika. Nanyi mliojeruhiwa, acheni bandeji ifunguliwe na wenye kazi yao. Fanyeni mazoezi hata mkiyachukia. Na mnaobandikiwa plastiki ya kinga, msitazame weusi. Mwambieni fundi abandike kipande kwenye kioo kibovu, akivunje mbele yenu. Akikataa, mmeshajua. Msitie saini.

Jumapili nilipoitwa mbele, nilisema hivi: "Karatasi ya kupokea kazi ya shule niliitia saini mimi. Nilikuwa na mashaka nikanyamaza. Hilo ni langu, na nimeshamwandikia Maman Direktrisi. Sasa nasema la Papa Bahati. Hii ni plastiki ya jua ya magari. Ndiyo iko kwenye madirisha haya."

Kanisa likavuma. Papa Bahati akasimama.

"Huyu mutoto amepata homa ya kichwa! Mimi nilimuombea!"

"Basi, Papa, njoo ukae kwenye benchi la watoto. Mimi nitoke nje nirushe jiwe moja. Ulisema hata risasi haipiti."

"Hapa ni nyumba ya Mungu, si atelier ya fundi!"

"Kaa basi, Papa, tuone!" mama mmoja akapaza sauti nyuma, na watu wakaanza kucheka, kile kicheko nilichochekwa mimi na ukucha wangu.

Hakukaa. Lakini wa kwanza kuondoka alikuwa mke wake. Alikuwa chini ya dirisha lile na mtoto mgongoni. Aliinuka bila kumtazama mumewe, akavuka kwenda upande mwingine wa kanisa. Ndipo Pasta akasema polepole, "Batoto, mutoke kwenye lile benchi. Bote."

Nilitoka nje. Nilichagua jiwe la ukubwa wa kiazi, nikalishika kwa mkono wa kulia. Nilisubiri nione benchi liko tupu. Sikufikiri tena.

Kioo kizima kilimwagika ndani. Kupitia fremu iliyobaki wazi nilimwona Papa Bahati amesimama peke yake katikati, watu wamemwachia nafasi.

"Bado manne," nilimwambia. "Unayabandua wewe, au niendelee?"